Nyie mnaouza "mabafu ya wazee" na mafundi wenu, hivi hao wazee mnawajua kweli?

Wakuu habari za jioni, mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa ujenzi, huko utazama na mi nataka usomwe ukiwa bado wa moto.

Bi mkubwa alipigwa na kiharusi, upande wa kushoto ndo umelegea, mkono hauna nguvu na mguu anauburuza. Ndani anatembea na fimbo, akitoka nje ni wilchea. Kichwa kipo timamu na mdomo ndo usiseme. Hataki kuogeshwa na mtu, anataka aingie bafuni mwenyewe, afunge mlango, aoge, atoke. Hilo tu. Sa jaribu kulitafuta hilo tu hapa Dar uone.

Nimeenda duka moja kubwa la vifaa vya bafuni (silitaji, wanajijua), nikaeleza kila kitu, jamaa wa mauzo hakuuliza hata swali moja la maana, mama anaweza kusimama muda gani, mkono upi unafanya kazi, bafu lina ukubwa gani, wapi! Akanipeleka moja kwa moja kwenye beseni lenye mlango ubavuni, linang'aa hilo, lina taa za bluu na matundu ya jakuzi, eti "hii ndo ya wazee bosi, Ulaya wanatumia hii". Bei yake unanunua bodaboda mbili na chenji inabaki.

Lile dude linatumikaje? Mtu anaingia likiwa kavu, anakaa, anafunga mlango, ndo maji yafunguliwe yajae akiwa humo humo uchi. Akimaliza hafungui mlango mpaka maji yaishe yote, la sivyo ni mafuriko hadi sebuleni. Kulijaza ni lita mia na hamsini, mia mbili na kuendelea. Kwenye nyumba yenye presha ya uhakika na tanki kubwa la maji ya moto sawa, kuna watu linawafaa, sikatai. Sisi huku maji yanakuja kwa zamu na simtanki lipo nusu, mama mgonjwa akae humo anatetemeka anasubiri lijae, halafu asubiri tena likauke? Na kwenye ule mlango bado kuna kizingiti cha kuvuka, yaani kitu kile kile ambacho mguu wake hauwezi. Kibaya zaidi kaka yangu yuko Marekani, kule mabeseni haya anayaona kwenye matangazo kila siku, akawatumia hao wa duka advansi moja kwa moja. Nimekataa mzigo, wananiambia hela hairudi, nichague sinki. Sinki! Nina sinki tatu.

Haya tuje kwa mafundi, maana nao wana kesi yao.

Nimemwambia fundi sitaki beseni, nataka sakafu iwe flati kuanzia mlangoni, mama asinyanyue mguu popote. Jibu, "haiwezekani bosi, maji yatatoka hadi chumbani". Haiwezekani nini wakati ni mteremko tu kuelekea kwenye kitundu cha maji, sentimita 2 kwa kila mita zinatosha! Nimegeuka kidogo tu kashajenga kizingiti cha tofali kakipiga na tailizi juu, anajisifia kabisa. Na tailizi zenyewe zile za kung'aa, zikipata sabuni mimi mwenyewe mzima nateleza, wakati zile ndogo ndogo za kukwaruza zipo na sio ghali kihivyo.

Chuma cha kushikia ndo usiseme. Madukani wanakuuzia bomba la kutundikia taulo wanaliita cha wazee, wengine wanakupa vile vya raba vinavyonyonya ukuta, vinaachia muda wowote. Wenzetu Marekani kiwango chao ni chuma kibebe kama kilo 113 bila kucheza, kikae sentimita 84 mpaka 91 kutoka sakafuni. Fundi wangu kaweka fisha za plastiki kwenye tofali yenye uwazi ndani, mi nikaning'inia kujaribu, kikatoka na plasta yake na tailizi mbili. Halafu alikuwa amekifunga KUSHOTO, upande uliopooza, wakati nilimwonyesha kwa mkono wangu.

Kuna huu mlango nao. Milango ya choo mnaweka ya sentimita 70, ukitoa fremu wilchea haipiti, na inafungukia ndani. Mtu akidondoka akaegemea mlango mtamtoaje? Mpaka mvunje!

Shawa ya umeme inatisha zaidi halafu hakuna anayeisema. Presha ikishuka maji yanakuwa ya moto ghafla, na mtu aliyepooza anaweza asisikie moto upande ule, ngozi inababuka yeye anaendelea kuoga. Fundi katundika koki ukuta wa mbali, yaani mama asimame, aende chini ya shawa, afungue, aunguzwe, ndo arudi kukaa. Koki si iwe karibu na kiti, na shawa iwe ya mpira mrefu wa mita moja na nusu aishike akiwa amekaa? Na kiti nasema kiti cha kufungwa ukutani, sio kile cha plastiki cha kwenye misiba.

Serikali nayo, mkataba wa Umoja wa Mataifa wa watu wenye ulemavu tumeridhia 2009, sheria yetu ipo tangu 2010, lakini nenda lodge yoyote uulizie chumba cha mtu wa wilchea, mi nilionyeshwa chenye beseni refu la kupanda kama ngazi, mhudumu kanisindikiza kwa tabasamu.

Mwenye fundi Dar aliyewahi kuweka bafu flati na maji hayajatoka nje aweke mawasiliano PM, kama una picha za kazi zake ndo vizuri zaidi. Na anayejua hiyo advansi naidaije bila kuishia kwenye masinki aniambie. Wale wa "si muweke dada wa kazi awe anamuogesha" piteni kushoto.