Naomba ushauri: upasuaji wa kupunguza kuonekana kwa matundu ya pua

Chausiku: Habari zenu wanajukwaa. Mtu akinitazama uso kwa uso, matundu ya pua yangu huonekana mno. Je, kupunguza upana wa mabawa ya pua kunatosha?

Mzee Mwinyi: Binti yangu, pua ni ya kupumulia. Marehemu shangazi yangu alikuwa na matundu mapana, akaolewa mara tatu, na kila mara mahari ilipanda.

Nesi wa Zamu: Upasuaji huo hupunguza upana tu. Ikiwa kingo za matundu zimepanda kidogo, huongezewa kipande chembamba cha gegedu, yaani ile tishu imara inayopindika kama ya sikioni. Zikipanda sana, huhitaji ngozi pamoja na gegedu kutoka sikioni. Na ncha iliyoinuka hushushwa kwa kurefusha ukuta wa kati wa pua. Je, pua hiyo ni ya kuzaliwa, au imekwisha kupasuliwa?

Chausiku: Sioni umuhimu wa swali hilo.

Nesi wa Zamu: Pua iliyopasuliwa huwa na kovu ndani, na gegedu lake huenda limekwisha kutumika, hata ikabidi lichukuliwe ubavuni.

Chausiku: Basi, nilipasuliwa Istanbul miezi mitano iliyopita, nikitaka ncha iinuke. Simlaumu daktari, maana nilichagua picha mwenyewe. Kliniki nyingine imekubali kunipunguza mabawa mwezi ujao, nimekwisha kulipa malipo ya awali, na tiketi hairudishwi.

Nesi wa Zamu: Kwa kawaida marudio husubiri takriban mwaka mzima, uvimbe uishe na kovu lilainike. Tiketi isikuharakishe.

Jicho la Tai: Samahani, huyu alijitambulisha hapa kuwa mwanamume, dereva wa lori, akiuliza bei ya matairi. Nashuku ni hadithi, au tangazo la kliniki.

Chausiku: Akaunti ni ya kaka yangu, nami naitumia kwa ruhusa yake.

Mzee Mwinyi: Tangazo gani hilo lisilotaja bei? Mwacheni binti wa watu.

Jicho la Tai: Bei hutumwa faraghani, mzee wangu.

Nesi wa Zamu: Iwe kweli au hadithi, wapo wasomaji wenye shida hii, kwa hiyo nitauliza la mwisho, kwa kuwa sikio ndilo litakalokatwa: ulipotobolewa masikio, kovu lilivimba likawa keloidi, yaani kovu nene linalokua kupita jeraha lenyewe?

Chausiku: La kushoto tu.