Tupeane uzoefu: ni mahali gani mjini palipokutia hofu kwa jinsi palivyojengwa?

Mchoraji wa Keko: Habari zenu wakuu. Nasoma usanifu majengo, na mwalimu katupa kazi ya kubuni kipande cha mji kinachotisha makusudi, kwa kuta, ngazi na mwanga tu. Naanza na langu. Karibu na nilipopanga kuna daraja la waenda kwa miguu. Zamani pembeni lilikuwa na wavu, unaona magari na wenye magari wanakuona. Baadaye yakabandikwa mabango ya matangazo pande zote mbili. Taa ni zile zile, lakini siku hizi ikigonga saa mbili usiku watu wanaona heri wakimbizane na malori kuliko kupanda. Mimi niliporwa simu humo juu. Nilipiga kelele weee, na bodaboda aliyepaki chini yangu kabisa hakuinua hata kichwa. Leteni yenu.

Mswahili Berlin: Mkuu, huku kuna mtu alishaifanya kazi yako. Ni kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya, aliibuni Peter Eisenman, ikafunguliwa 2005. Nguzo za zege 2,711, katikati ya mji. Za pembeni ni fupi, watu wanazikalia wakila mikate. Ukiingia ndani ardhi inashuka kidogo kidogo, mara nguzo zimekupita kichwa, na njia ni ya sentimita 95, hampishani. Mke wangu alikuwa hatua tatu nyuma yangu. Kugeuka, hayupo. Namsikia anacheka, simwoni. Kila njia panda nikawa nachungulia kwanza kama mwizi. Na ajabu, mwisho wa kila kichochoro unaona miti na magari, yaani pa kutokea unapaona kabisa, na moyo bado unadunda.

Bint Mkunazini: Kaka, wembamba ndio unaokutisha? Vichochoro vyetu vya Mji Mkongwe ni vyembamba, vinapinda, umeme nao una siku zake, na nikitumwa dukani usiku tangu nina miaka saba. Sikuogopa, maana kila pembe pana baraza, na barazani pana mzee: "We mtoto wa nani? Waenda wapi saa hizi?" Nilikuwa nikimchukia kweli. Sasa nyumba ile imekuwa hoteli, barazani wameweka vyungu vya maua. Hapo ndipo ninapokaza mwendo.
Kinachonitisha hasa ni lile shimo la pale kanisani, palipokuwa soko la watumwa. Mna sanamu 5 za Clara Sörnäs, zina minyororo shingoni. Wao wako chini, wewe umesimama juu unawatazama mmoja mmoja kama mnunuzi. Nimekwenda mara moja, basi.

Jirani wa Nairobi: Kwetu ni kuta. Mitaa miwili ya geti imepakana, na katikati kuna njia ya kwenda stejini: ukuta huku, ukuta kule, waya wa umeme juu, hakuna dirisha hata moja. Mama mboga aliomba kuweka kibanda pale, na sisi tunaopita tukamuunga mkono. Kamati zote mbili zilikataa, eti usalama.

Mchoraji wa Keko: Dah. Nilikuwa nimechora handaki lenye giza, nimelifuta. Dada wa Mkunazini, hivyo vyungu vina ukubwa gani?

Bint Mkunazini: Vinafika kiunoni, na vimepangwa baraza nzima. Hata ukitaka kukaa, huna pa kukaa.