Kupangua tarakimu za namba: nani yamemkuta maajabu yake, au hasara? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Juzi umeme umekatika, nikawatoa watoto uvivu kwa mchezo huu. Chukua namba ya tarakimu nne (zisiwe zote sawa kama 4444), zipange kubwa kwenda ndogo, kisha ndogo kwenda kubwa, toa. Jibu nalo lipangue vivyo hivyo. Mwaka wangu wa kuzaliwa, 1987: 9871 − 1789 = 8082; 8820 − 0288 = 8532; 8532 − 2358 = 6174. Hapo ndipo mwisho wa reli, maana 7641 − 1467 ni 6174 tena. Namba yoyote inafika, tena haizidishi hatua saba. Aliyeligundua hilo mwaka 1949 ni D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule kule Devlali, India. Nanyi leteni yenu.

Wakala wa Kona: Yangu ni ya machozi. Nafanya miamala ya simu. Siku moja nafunga hesabu, pungufu 27,000. Nikamshuku binti anayenisaidia, tukanuniana siku mbili. Kumbe mteja aliweka 36,000, mimi daftarini nimeandika 63,000!

Babu Leja: Pole mama. Sisi wa enzi za leja, tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kwanza tunasaka tarakimu zilizopishana. 27,000 kwa 9 ni 3,000. Basi tafuta namba ambayo tarakimu yake ya makumi elfu na ya elfu zinaachana kwa 3. Hizo hapo, 6 na 3. Sababu yake: 60 ikishuka kuwa 6 unapoteza 54, na 3 ikipanda kuwa 30 unarudishiwa 27. Ila angalia, kusahau sifuri, 4,500 ukaandika 450, nako kunaleta tofauti inayogawanyika kwa 9. Kulishanipoteza usiku mzima.

Mbishi: Mtoa mada unatupiga kamba. Nimeanza na 2111, nikapata 999, halafu sifuri. 6174 iko wapi?

Mtoa mada: Mkuu, umeitupa sifuri ya mbele. Ni 0999. Endelea: 9990 − 0999 = 8991, kisha 8082, 8532, 6174.

Mbishi: Dah. Imekubali.

Chaki Nyeupe: Za tarakimu mbili hazitulii. Ile 63 ya wakala: 27, 45, 09, 81, 63. Kama daladala, ruti ileile kutwa. Mimi shuleni niliambiwa nizidishe 142857 kwa 2 hadi 6. Nikapata 285714, 428571, 571428, 714285, 857142. Nikajua nimenakili vibaya, nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Kumbe ndivyo zilivyo, zinazunguka tu! Kwa 7 ndiyo inakuja 999999.

Wakala wa Kona: Babu, leo nimepungukiwa 5,000. Haigawanyiki kwa 9. Binti nimeshaanza kumwangalia tena 😂