Kiti cha ngazi cha Bi Mkubwa (kikundi cha Ukoo wa Mtoni)

Rukia, Leicester: Assalaam alaykum wote, shikamooni wakubwa. Kampuni mbili zimekuja kupima ngazi kwa ajili ya kiti cha Bi Mkubwa, kile cha umeme kinachompandisha mtu ngazi kwenye reli. Ya kwanza imeandika pauni 2,350, ya pili 5,100. Ngazi ni zile zile! Nani ananiibia?

Ami Khamis: Waalaykum salaam, marahaba. Huenda hakuna anayekuibia. Piga picha ya juu kabisa, ngazi zinapofikia korido. Ya chini baadaye.

Rukia, Leicester: 📷

Ami Khamis: Haya. Vidato 10 vimenyooka, halafu 3 vya pembetatu vinakata kushoto. Wa 2,350 anaweka reli iliyonyooka, inaishia kidato cha 10, Bi Mkubwa ateremke hapo amalizie vitatu kwa miguu. Wa 5,100 reli yake inapinda mpaka juu sakafuni. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Reli iliyonyooka ipo tayari stoo, inakatwa urefu unaotaka, kufunga ni kazi ya saa chache. Ya kona inatengenezwa kiwandani kwa vipimo vya ngazi hizo tu, mtasubiri wiki kadhaa.

Salim, Mombasa: Vidato vitatu tu Ami, si atashika ukuta?

Mwanaheri, Northampton: Hapana kaka Salim. Kidato cha pembetatu upande wa ndani kisigino hakikai. Na hapo ndiyo kwanza anainuka kitini, goti bado halijakaza, nyuma yake kuna vidato 10 vya kuporomoka. Sisi tunaopima watu majumbani swali la kwanza ni hilo: akifika juu anashukaje? Kupanda kiti kinapanda chenyewe.

Mwanaheri, Northampton: Rukia, waulize wote wawili kiti kinazungukaje juu. Kinatakiwa kigeuke mpaka magoti yatazame korido, kijifunge, ndipo ainuke mgongo ukiwa upande wa ngazi. Kuna cha kuzungusha kwa mkono, unabana mpini chini ya kiti na kujisukuma, na kuna cha umeme. Kwa vidole vyake vile vya baridi yabisi mchukulie cha umeme. Sikilizeni "tak". Bila hiyo tak kiti hakijajifunga, na akirudi kukaa hakitaondoka. Mtadhani kimeharibika.

Yusuf: Mimi najitolea kukijaribu kila siku 😎

Rukia, Leicester: Yusuf wewe!

Ami Khamis: Kina ufunguo. Ukiutoa hakiendi. Ufunguo ukae juu ya kabati lisilofikiwa na Yusuf. Vingi ni vya kilo 120 hadi 140, si vya watu wawili kupakatana.

Rukia, Leicester: Walipima ngazi, Bi Mkubwa mwenyewe hawakumpima. Ni sawa?

Mwanaheri, Northampton: Si sawa hata kidogo. Mpime wewe leo. Mkalishe kwenye kiti cha meza ya kulia, mgongo umeegemea. Chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka mgongo mpaka mbele ya goti. Kisha pima upana wa ngazi, ukuta hadi ukuta au hadi nguzo za pembeni, mahali palipo pembamba kuliko pote. Kwenye kiti hiki mtu hatazami juu wala chini, anakaa ubavu, magoti yanatazama upande wa pili. Ngazi ikiwa nyembamba magoti yanakwangua ukuta njia nzima.

Mwanaheri, Northampton: Na pima lile goti la kulia linakunja kiasi gani. Asipofikisha pembe mraba mguu utabaki umenyooka mbele. Akishindwa kukunja kabisa, kuna viti vya kuegemea nusu kusimama, ila hivyo vinataka mtu anayesimama imara bila kuyumba, na kichwa kinapita juu zaidi, lazima dari lipimwe. Kwa Bi Mkubwa sivishauri.

Ami Khamis: Sasa picha ya chini.

Rukia, Leicester: 📷 Mlango wa jikoni uko pale pale ngazi zinapoanzia.

Ami Khamis: Nilihofia hilo. Reli iliyonyooka chini inatokeza mbele ya kidato cha kwanza, kama sentimita 30 hivi au zaidi. Hapo itaziba mlango, na usiku mtu atajikwaa nayo. Dawa yake ni reli yenye bawaba, kipande cha mwisho kinakunjwa juu. Bawaba ya mkono haimfai, maana anayekunja ni lazima awe ameshashuka kisha ainame. Ya umeme inajikunja kiti kikiondoka. Inaongeza bei na ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Ya kona unaweza kuomba ipinde chini pia, kiti kikaegeshwe pembeni nje ya njia. Muulize wa 5,100 kama ameihesabu hiyo.

Salim, Mombasa: Ukuta wa nyumba za huko ni kama kadibodi, utabeba uzito wote huo?

Ami Khamis: Ukuta haubebi kitu. Miguu ya reli inafungwa kwa skrubu kwenye vidato vyenyewe. Kapeti haing'olewi.

Shangazi Maryam: Na nguo zake? Yeye dera na buibui haviachi.

Mwanaheri, Northampton: Shangazi umenena, hilo makampuni hawalisemi kabisa. Reli ina meno, kiti kina gia inayotembea juu ya meno hayo. Pindo la dera likining'inia upande wa reli linavutwa. Akikaa akusanye nguo mapajani, afunge mkanda juu ya nguo ili uzishikilie, miguu yote miwili iwe juu ya kibao. Buibui lenye mikono mipana nalo linanasa kwenye kitufe kilicho kwenye mkono wa kiti. Kiti kinakwenda kwa kushikilia kitufe, ukiachia kinasimama. Kingo za kibao zina vihisio, zikigusa kitu kinasimama, lakini kitambaa laini kinaweza kupita bila kuhisiwa.

Rukia, Leicester: Hela sasa. Kaunsili hawatoi?

Mwanaheri, Northampton: Wanatoa, ndiyo ile ruzuku ya DFG, ya kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu. England mwisho pauni 30,000, Wales 36,000. Kwa mtu mzima wanaangalia kipato chake na cha mwenzi wake, mshahara wako wewe mtoto hauhesabiwi. Piga simu huduma za jamii za kaunsili, omba OT, yaani mtaalamu wa tiba kazi, aje kumpima nyumbani. Ombi likishakamilika wana hadi miezi 6 kujibu. USISAINI NA KAMPUNI KABLA. Kazi ikianza kabla ya idhini wanaweza kukataa kulipa. Nyumba ikiwa ya kupanga, ruhusa ya mwenye nyumba nayo itahitajika.

Mwanaheri, Northampton: Mkiamua kulipa wenyewe, kwa ugonjwa wake wa kudumu halipi VAT, kampuni inakupa fomu ya tamko ujaze. Na huku mnasubiri, omba reli ya pili ya kushikia ukutani. Marekebisho madogo chini ya pauni 1,000, OT akiona anayahitaji, kaunsili England hawalipishi.

Salim, Mombasa: Umeme ukikatika amekwama katikati?

Ami Khamis: Hakwami. Kiti kinakwenda kwa betri, mbili za volti 12, umeme wa ukutani unazichaji tu. Umeme ukikatika ana safari kadhaa bado. Lakini zinachajiwa kituoni tu, juu na chini. Ukikiacha katikati kinalia pi, pi, pi. Watu huudhika wakakizima, asubuhi betri zimekufa. Ukikisikia, kipeleke mwisho wa reli.

Ami Khamis: Na nyie mnaokwenda Unguja miezi miwili: swichi ya ukutani MSIIZIME. Ndiyo kosa ninalokuta mara nyingi kuliko yote. Mnaokoa senti, mnarudi mnanunua betri mbili. Zibadilishwe zote kwa pamoja, mpya ikifungwa na kuukuu ile kuukuu inaivuta chini. Dalili za kuchoka: kushuka kinakwenda vizuri, kupanda kinajikokota. Kawaida hudumu miaka 3 hadi 5.

Rukia, Leicester: Kisipoondoka kabisa nifanye nini kabla ya kuita fundi?

Ami Khamis: Angalia swichi ya ukutani, ufunguo, kitufe chekundu cha dharura kama kimebonyezwa, mikono ya kiti kama imeshushwa, kiti kama kimejifunga. Kisha inama uangalie chini ya kibao, utakuta kandambili au gari la Yusuf. Ni rimoti tu haifanyi kazi? Badilisha betri zake. Reli ifute kwa kitambaa kikavu. Usipulizie mafuta yoyote, yanakamata vumbi na nyuzi za kapeti mpaka gia inasaga tope. Grisi ataweka fundi wa sevisi, mara moja kwa mwaka.

Salim, Mombasa: Ami, nikiona cha mtumba huko, utanitumia kwa kontena kwa ajili ya Mzee? Ngazi zetu za zege, zina tailizi.

Ami Khamis: Kilichonyooka ndiyo, kama reli ni ndefu kuliko ngazi yako, itakatwa. Cha kona usiguse hata ukipewa bure, reli yake haitakaa popote. Zege ni zuri kuliko mbao, ila tailizi toboa kwanza kwa ncha ya tailizi bila kugonga, ukifika kwenye zege ndipo ugonge. Kaa mbali na ukingo wa kidato, unapasuka. Weka kilinda umeme kama cha friji, umeme wa huko ukipanda na kushuka chaja ndiyo inaungua kwanza. Na hewa ya bahari: meno ya reli ni chuma, yafute kila wiki yasishike kutu.

Rukia, Leicester: Nimepima. Mgongo hadi goti sentimita 58. Ngazi pembamba kabisa 74. Goti linakunja vizuri, pembe mraba anafika.

Mwanaheri, Northampton: 74 ni ya kubana. Kiti chenyewe kinasimama mbele kidogo ya ukuta kwa ajili ya reli. Wape namba zote mbili, wakuandikie kwamba goti litapita. Umepima kutoka ukuta mtupu?

Rukia, Leicester: Hapo chini kuna redieta ukutani, ya kupasha nyumba joto.

Ami Khamis: Upande gani? Na imetokeza sentimita ngapi?

Rukia, Leicester: Upande wa magoti. 11.

Ami Khamis: Basi hapo una 63. Tafuta fundi wa redieta kwanza.