MJADALA: Je, ni haki fedha za barabara Marekani kufungwa na ukamataji wa wahamiaji?

Mleta mada

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana wengi humu tunaishi Marekani au tuna ndugu huko, na kila mtu linamgusa kwa upande wake.

Tarehe 24 Aprili 2025 Waziri wa Usafirishaji wa Marekani, Sean Duffy, aliwaandikia barua wote wanaopokea fedha za wizara yake. Aliwaambia kwamba anayetaka fedha hizo lazima ashirikiane na serikali ya shirikisho kwenye sheria za uhamiaji, pamoja na kazi za ICE, ile idara inayokamata watu na kuwarudisha makwao. Asiyeshirikiana anaweza kukosa fedha. Majimbo 20, yakiwemo California, Illinois na New York, yakafungua kesi Rhode Island. Mwezi Juni Jaji John McConnell akalizuia sharti hilo kwa majimbo yaliyoshitaki, na Novemba mwaka huohuo akatoa hukumu ya kulikataa moja kwa moja.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sharti lile lilikuwa baya, na lingekuwa baya hata kama ningekuwa mtu wa kutaka mpaka ufungwe kufuli.

Tuanze na fedha zenyewe zinatoka wapi. Kila galoni ya petroli inayouzwa Marekani inakatwa senti 18.4 za kodi ya shirikisho, na dizeli senti 24.4. Viwango hivyo havijapanda tangu 1993. Kodi hiyo inaingia kwenye Mfuko wa Barabara Kuu ulioanzishwa 1956, Kongresi inaongezea kutoka hazina kuu pale inapopungua, kisha majimbo yanagawiwa kwa kanuni zilizoandikwa kwenye sheria. Pampu haimuulizi mtu makaratasi. Kijana anayefyeka majani kwenye nyumba za watu Chicago bila kibali cha kuishi analipa senti zilezile anazolipa seneta. Halafu leo fedha hiyohiyo igeuzwe fimbo ya kumsaka?

Najua jibu litakalokuja: masharti kwenye fedha za barabara si jambo geni. Kweli kabisa. Mwaka 1984 Kongresi ilipitisha sheria kwamba jimbo linalowauzia pombe walio chini ya miaka 21 litakatwa fedha za barabara, asilimia 5 mwaka wa kwanza, baadaye 10. South Dakota, iliyokuwa ikiwauzia vijana wa miaka 19 bia hafifu, ikaenda mahakamani, na mwaka 1987 Mahakama ya Juu ikaipa serikali ushindi kwa kura 7 kwa 2.

Lakini someni Jaji Mkuu Rehnquist aliweka mipaka gani. Sharti liwekwe na Kongresi kwa lugha inayoeleweka. Lihusiane na kazi ya fedha zenyewe. Na lisiwe la kulibana jimbo hadi likose la kufanya. Pombe na barabara uhusiano wake hauhitaji mwanasheria: vijana walikuwa wakivuka mpaka wa jimbo kwenda kunywa kule kunakoruhusiwa, kisha wanarudi usiku wakiendesha wamelewa. Uhusiano huo uko wapi kati ya kuziba mashimo ya lami na askari wa kaunti kumuuliza mtu alizaliwa wapi? Jaji McConnell aliutafuta hakuuona. Akasema pia kwamba barua ile haikueleza kushirikiana maana yake ni kufanya nini hasa. Na Kongresi haikuwa imeandika sharti hilo popote. Lilitoka mezani kwa waziri.

Karibuni.

Mchangiaji wa Texas

Mkuu, nakuheshimu ila hapa tumepishana. Mimi nimepita njia halali. Nimelipa ada, nimelipa wakili, nimechukuliwa alama za vidole, nimesubiri barua hadi nikachoka kufungua sanduku la posta. Inaniuma nikiona jimbo zima linasema sheria ya uhamiaji haliitambui, halafu mkono uleule unanyooshwa kuomba mabilioni Washington. Ukila cha mtu ukubali na masharti yake. Mwaka 1974 majimbo yaliambiwa spidi isizidi maili 55 kwa saa la sivyo hakuna fedha za barabara, yakafuata, na nchi haikuanguka.

Na jingine usilolisema: kuna watu wanakamatwa kwa makosa mazito, ICE wanaomba washikiliwe, gereza la kaunti linawaachia. Akimuumiza mtu kesho yake, familia ile utaiambia nini?

Mleta mada

Kaka, hilo la mwisho ni zito na linastahili jibu la kweli.

Mtu akiingizwa gereza la kaunti, hata Chicago au Los Angeles, anachukuliwa alama za vidole. Alama zile zinakwenda FBI, na kutoka FBI zinafika kwa watu wa uhamiaji. Utaratibu huo ulianza 2008 na haumuombi meya ruhusa. Kwa hiyo serikali ya shirikisho inajua nani yuko ndani. Kinachogombaniwa ni karatasi inayofuata, ICE wanapoiomba kaunti imshikilie mtu hadi saa 48 zaidi baada ya muda wake wa kutoka. Mara nyingi karatasi hiyo haina sahihi ya jaji. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ilisema ni ombi tu, kaunti haishurutishwi kulitii. Na kaunti ikimshikilia mtu bila msingi wa kisheria, inayoshitakiwa na kulipa fidia ni kaunti. Kwa mtu wa makosa mazito, ICE wakaombe hati ya jaji, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema akabidhiwe.

Kuhusu "ukila cha mtu", nakukumbusha kesi ya 1997. Serikali ya Clinton ilitaka masherifu wawachunguze wanunuzi wa bastola. Sherifu mmoja wa Montana na mwingine wa Arizona wakagoma. Jaji Scalia wa Mahakama ya Juu, ambaye hakuna aliyewahi kumuita mtu wa mrengo wa kushoto, akaandika kwamba Washington haina mamlaka ya kuwageuza maofisa wa majimbo kuwa watumishi wake. Ngao wanayoishika California leo ilifuliwa na watetezi wa bunduki. Ukiivunja kwa sababu ya wahamiaji, imevunjika kwa wote. Akija rais mwingine akasema Texas haipati hata senti ya barabara mpaka polisi wake wakusanye bunduki, utasimama wapi?

Na ukubwa wa adhabu nao una uzito. South Dakota ilitishiwa kupoteza chini ya nusu ya asilimia 1 ya bajeti yake. Mwaka 2012, kwenye kesi ya Medicaid, ule mpango wa bima ya afya kwa watu wa kipato kidogo, Jaji Mkuu Roberts alisema kutishia kuchukua fedha zote za mpango ule ni sawa na kulielekezea jimbo bastola kichwani. Barua ya 2025 iligusa barabara, reli, mabasi na viwanja vya ndege kwa pamoja. Kwenye barabara kuu za kati ya majimbo serikali ya shirikisho kwa kawaida hubeba asilimia 90 ya gharama. Jimbo likikosa hiyo, daraja halijengwi. Kila gari linalopita hapo linaumia, likiwemo la aliyeipigia kura serikali hiyo.

Dereva wa masafa marefu, Ohio

Mabosi, mimi nachangia kutoka kwenye usukani. Tangu 25 Juni 2025, dereva wa lori akisimamishwa na ikaonekana Kiingereza hakimudu, hasogei tena. Lori linabaki pale mpaka aje dereva mwingine. Pale mizani askari anaanza kuzungumza na wewe: umetoka wapi, unashusha wapi, umebeba nini, nionyeshe rekodi ya saa zako za kuendesha. Ukikwama anakupima ishara za barabarani. Kushika simu ikutafsirie hairuhusiwi, wala kumpigia mtu akusaidie. Nawajua ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao kuendesha wanaweza kuliko mimi, ila maswali hayo yakija jasho linawatoka.

Oktoba wizara ilitangaza kuinyima California zaidi ya dola milioni 40 kwa kutotekeleza kanuni hiyo. Hili nalo unalipinga mkuu? Mimi nalikubali. Dereva wa semi lazima asome kibao kinachosema daraja la mbele liko chini, lori refu halipiti.

Mleta mada

Hapo tuko pamoja kwa sehemu kubwa, kaka dereva. Kanuni ya Kiingereza kwa madereva wa malori ipo miaka mingi na inahusu usalama wa barabara. Kuifunga na fedha za usalama wa malori kuna mantiki, na jimbo likiona limeonewa, lijitetee. Ninachoogopa ni namna inavyotumika: askari wa Ohio na wa Alabama wampime dereva kwa kipimo kimoja, lafudhi ya mtu isigeuke kosa. Nawaomba walioko kwenye malori wajifunze yale maswali ya mizani. Makanisa na misikiti yetu inaweza kuandaa darasa la Jumamosi, gharama yake ni ndogo.

Mchangiaji wa Texas, nakupa na hili. Kongresi yenyewe ikiandika sharti waziwazi, kesi itakuwa ngumu zaidi kuliko ile ya barua ya waziri. Sheria kubwa ya miundombinu ya 2021 muda wake umewekwa hadi 30 Septemba 2026, na sheria inayoifuatia ndiyo mahali ambapo sharti la namna hii linaweza kuchomekwa katikati ya mamia ya kurasa. Wenye uraia na kura, pigieni simu ofisi ya mbunge wenu wa wilaya, muulize swali moja tu: muswada wa barabara una kifungu cha uhamiaji au hauna? Mkipata majibu, yaleteni hapa tuyasome.