Fundi kachimba shimo moja kasema ardhi ngumu, kupima udongo kuna haja kweli?

Mjenzi_Mgeni: Wakuu habari zenu, nataka kupandisha ghorofa moja, fundi wangu kachimba shimo katikati ya kiwanja kama mita moja hivi akakuta udongo mwekundu mgumu, akasema hapa tuanze msingi tu bosi. Injinia naye kagoma kuchora msingi mpaka aone ripoti ya udongo. Hivi kuna haja au ndo nakamuliwa? Halafu upande wa chini kuna sehemu majani hayakauki hata kiangazi.

Nyundo_Nzito: Mkuu msikilize injinia. Shimo la mita moja linakupa habari za mita moja, basi. Mzigo hauishii chini ya zege, nguzo yenye kitako cha mita 1.5 kwa 1.5 udongo unaendelea kuusikia mpaka kama mita 3 chini ya kitako, sasa kama hilo gamba gumu limefunika tope nyumba inatulia mwaka mmoja miwili afu inaanza kutitia upande mmoja. Na hapo penye majani mabichi ndo pa kuanzia kuchimba, katikati baadaye. Wakija na testi ya SPT, ile ya kugongea bomba ardhini na kuhesabu mapigo kujua ugumu wa udongo, simama uhesabu nao, nyundo ya kilo 63.5 inadondoshwa kutoka sentimita 76, bomba linazamishwa sentimita 45 ila mapigo ya zile 15 za kwanza hayahesabiwi maana udongo wa juu hapo ushavurugwa na kuchimba. Ukiona mapigo matatu tu bomba limeshazama, huko chini ni uji.

kichwa_ngumu: Wazee wetu walijenga bila hizo testi na nyumba zilisimama

Nyundo_Nzito: Walijenga za fito na udongo kaka, hii ya Mjenzi ina zege la ghorofa juu.

Mama_Wawili: Mimi nilibisha hivyohivyo. Kumbe nusu ya nyumba imekaa kwenye changarawe na nusu kwenye mfinyanzi mweusi, masika unavimba kiangazi unasinyaa, ukuta ukapasuka mshazari kuanzia kona ya dirisha, mwanzoni wembe ulikuwa hauingii sasa hivi naingiza kidole. Nimeziba mara tatu na rangi juu, unarudi palepale.

Tabaka: Mjenzi, ukitaka kuonja mwenyewe chukua udongo, loanisha kidogo, viringisha kiganjani kama utambi, ukifika wembamba wa milimita 3 haujakatika huo una mfinyanzi wa kutosha. Haitoshi kuchorea msingi, udongo lazima uende maabara. Na waulize majirani kama pale hapajawahi kuwa shimo la taka likafukiwa, kifusi kikishindiliwa kwa juu kinadanganya sana.

Mjenzi_Mgeni: Nimerudi wakuu. Jana nimemshika fundi tukachimba kule kwenye majani, nusu mita tu maji yakaanza kuchuruzika ukutani mwa shimo, tukaenda kunywa chai kurudi yamefika kwenye kifundo cha mguu. Injinia anataka mashimo matatu, moja hapohapo. Fundi hajasema neno, alikuwa anafuta koleo tu.