Naombeni ushauri: kuhamisha miradi ya Jira kutoka saiti moja kwenda nyingine

Nimekwama_Sinza
Habari za jioni wakuu. Sisi ni ofisi ndogo, tunahudumia programu za mapokezi na stoo ya dawa kwenye zahanati. Kazi zetu zote ziko Jira ya wingu, ile programu ya mtandaoni ya kufuatilia kazi, ambamo kila kazi au tatizo ni tiketi: miradi mitatu, tiketi kama 1,900, bodi za kuonyesha tiketi, vichujio (utafutaji uliohifadhiwa) tunavyoshirikiana, na viambatisho kibao. Tuko watu 14, mpango wa bure. Sasa nataka vyote viende kwenye saiti nyingine ambayo nimeshaifungua. Jana usiku nilipakua CSV, lile faili la jedwali la maandishi matupu, nikaingiza kule. Tiketi zimekuja, ila picha hazifunguki na bodi ni nyeupe pe. Kuna njia ya kubeba vyote kwa mkupuo? Ijumaa inabidi tuwe tumehama. Leo siku ya tatu sijalala usingizi wa maana.

Fundi Waya
Pole sana. CSV haibebi picha, inabeba viungo vya pale zilipohifadhiwa. Asiye na ruhusa kwenye saiti ya zamani hazioni, na saiti ile ikifungwa ndiyo basi tena. Historia ya nani alibadilisha nini nayo haiji. Bodi ni tupu kwa sababu bodi husimama juu ya kichujio, na CSV haihamishi vichujio. Tumia njia ya Atlassian, wenye Jira, ya kunakili taarifa saiti kwa saiti. Inanakili tu, kwa hiyo ya zamani inabaki kama ilivyo. Lakini lazima uwe admini pande zote mbili. Huko unakotoka admini ni nani?

Nyanya Chungu
Jira ya nini kwa ofisi ndogo? Nendeni Trello, unaburuta kadi zako maisha yanaendelea.

Fundi Waya
Trello nayo iko chini ya Atlassian tangu 2017, na sicho alichouliza.

Mzee wa Gongo la Mboto
Mimi niwaambie jambo vijana. Kikundi chetu cha hisa kilitunza hesabu zote kwenye barua pepe ya binamu yangu. Binamu akapata kazi Muscat, akabadilisha simu, nywila akasahau. Miezi mitano tulikuwa tunakumbushana kwa mdomo nani kaweka hisa ngapi. Wapo wawili hawasalimiani mpaka leo, na wanaswali msikiti mmoja. Andikeni kwenye daftari pia.

Nimekwama_Sinza
Asante mzee. Fundi, vipi nikichukua bakapu nzima nikairejesha saiti mpya?

Fundi Waya
Bakapu nzima ukiirejesha inafuta kila kilichopo saiti mpya. Nawe bado hujajibu swali langu.

Nimekwama_Sinza
Admini ni wifi yangu.

Tulianza naye 2021, meza moja, kompyuta mbili, tunabanana sebuleni kwake. Mwezi uliopita tumegombana juu ya malipo, nikaondoka, nimepanga chumba Mwenge. Mteja wetu mkubwa amesema atanifuata mimi. Akaunti yangu ya zamani bado inafunguka, ndiyo niliyopakulia. Jamani msiniite mwizi. Zaidi ya nusu ya zile tiketi nimeandika mimi, nyingine saa nane za usiku mtoto akiwa mgongoni.

Bibi Mkaanga Samaki
Eeh! Kumbe si Jira, ni wifi. Mwanangu, mimi na wifi yangu tuligombania friza la biashara, tukalitoa dukani usiku kwa mkokoteni. Lilikaa kwangu wiki mbili bila kuwashwa maana waya ulibaki kwake. Mume wako anajua?

Kaka wa Stendi
Waya ulibaki kwake 😂 Bibi umenimaliza.

Msomi wa Ukonga
Watu tunaanzisha kampuni kwa kuaminiana, mkataba tunautafuta siku ya ugomvi. Hata karatasi moja hamkuandikiana?

Nimekwama_Sinza
Hatukuandikiana. Ni dada wa mume wangu, ningeanzaje kumwambia twende kwa wakili? Na mume wangu anajua nimehama, mengine sijamweleza. Naomba turudi kwenye swali.

Kaka wa Stendi
Mimi nanusa chai hapa. Mpango wa bure wa Jira mwisho ni watumiaji 10. Mleta uzi ana watu 14. Wifi, mtoto mgongoni, Ijumaa... Hii tamthilia, tuleteeni sukari.

Nyanya Chungu
Hata mimi nilishangaa hiyo 14.

Nimekwama_Sinza
Si chai kaka. Akaunti ziko 9. Dada sita wa mapokezi wa zahanati wanatumia moja, jina lake "Mapokezi". Nywila imebandikwa ukutani pale dirishani.

Fundi Waya
Nakuamini, hilo halitungiki. Lakini sasa nina wasiwasi mkubwa zaidi. Hao dada wanapoleta tatizo, wanaambatisha nini?

Nimekwama_Sinza
Picha za skrini.

Fundi Waya
Za skrini ipi?

Nimekwama_Sinza
Ya mgonjwa. Nimefungua moja sasa hivi kule kwa zamani. Jina kamili, namba ya simu, kipimo na majibu yake. Dada kazungushia duara jekundu kitufe kilichogoma, vingine vyote vinasomeka. Sikuwahi kuviangalia hivi.

Msomi wa Ukonga
Simama hapo dada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya inaziweka kwenye kundi la nyeti. Hizo picha si zako wala za wifi yako. Ni za wagonjwa, na zahanati ndiyo iliyowapokea. Mteja kusema kwa mdomo "nitakufuata" hakutoshi. Mwombe barua.

Nimekwama_Sinza
Lakini wifi akizima akaunti yangu kabla ya Ijumaa, nitawahudumiaje wale watu? Foleni ya wagonjwa haingoji barua.

Fundi Waya
Usihame Ijumaa. Mambo mapya yafungue saiti mpya kuanzia Ijumaa, ya zamani yaache yalipo. Barua ikitoka, wifi akupe uadmini kwa siku moja, au anakili yeye mradi wa mteja huyo tu na miwili ibaki. Kanuni za otomatiki, zile zinazoifanya Jira itende yenyewe, zipakue kivyake. Mkimaliza, kagua kila kichujio kimeshirikishwa na nani, maana kikiwa cha siri wenzako hawataiona bodi. Na hiyo "Mapokezi" ivunjwe, kila dada awe na yake. Ile CSV iko wapi?

Nimekwama_Sinza
Kwenye flashi na kwenye barua pepe yangu. Na zile picha nilishaanza kuzipakua moja moja, zimefika 40.

Bibi Mkaanga Samaki
Zifute mwanangu. Kisha mpigie wifi yako, usimwandikie.

Nimekwama_Sinza
Picha nimefuta. Nimepiga mara mbili hapokei, ikabidi nimwandikie. Nimemwambia mteja amenifuata, na kwamba nimepakua.

Bibi Mkaanga Samaki
Tupo hapa.

Nimekwama_Sinza
Saa tano na robo usiku amejibu. Ameandika: "Njoo Jumapili na kompyuta yako. Kaka naye aje." Akaunti yangu hajaizima, nimeijaribu sasa hivi. Mume wangu amelala hapa pembeni, nikiamka ndiyo namweleza.